Upo Tayari

Dirisha langu liko chini ya ardhi.
Januari, hapa Augusta, naona theluji na viatu tu,
viatu vya waheshimiwa wakipanda kwenda kutunga sheria.
Mimi huzisoma. Mwaka wa ishirini na sita sasa.
Mswada ukitua mezani naushika sikio,
nauuliza: wewe, una ndugu?

Leo umekuja mbichi, wa Mheshimiwa Boothby,
kijana wa wilaya ya kaskazini kabisa,
machozi yake si ya kitunguu, sikatai.
Mfuko wa Mafuta ya Kupashia Joto Nyumba za Wazee.
Sura sita. Mkurugenzi. Naibu wake. Nembo.

Mheshimiwa, mfuko huu upo.
Upo tangu mwaka sabini na nane, kifungu cha mia mbili na kumi.
Upo tena tangu tisini na moja, umebadili jina tu,
katika idara isiyosalimiana na ile ya kwanza.
Wa tatu ulizaliwa baada ya dhoruba ya barafu,
ukapewa gari jeupe. Gari lipo. Dereva amestaafu.
Wako utakuwa kitinda mimba.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.
Hiki hakijaenda popote:
hakijang'oa nanga, wanagombea usukani.

Akanitazama. Akasema,
"Kama ipo mitatu, mbona Bi Corinne Michaud wa Fort Kent
amelala na koti tangu Krismasi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na namba za vifungu.

Usiku nikampigia. Ana fomu zote, kwenye kopo la biskuti.
Wa kwanza walimtuma kwa wa pili.
Wa pili walitaka barua kwamba wa kwanza wamemkataa.
Wa tatu, simu yao hupiga muziki.
"Muziki mzuri," akasema, "lakini hauchemshi maji."
Nikasikia meno yake yakigongana kati ya maneno.
Nilikata simu nikakaa na koti langu mwenyewe magotini,
nikaona aibu ya mtu aliyehesabu milango miaka yote
bila kujaribu kitasa.

Asubuhi nikachukua penseli.
Nikafuta sura ya kwanza, ya pili, nikafuta nembo,
nikamfuta naibu kabla hajazaliwa.
Nikabakiza mistari miwili:
*milango mitatu iwe mmoja,
na simu ipokelewe na mtu.*

Boothby akaushika mswada wake
kama mzazi aliyerudishiwa mwana kanyolewa kipara.
"Na jina langu," akauliza polepole, "litakaa wapi?"
Sikumcheka. Mlango wa zamani ukitiwa mafuta bawabani
hakuna utepe wa kukata,
hakuna mpiga picha anayekuja kusikia kwamba haulii tena.
Akatia sahihi hata hivyo. Kalamu ilimgoma mara mbili.

Ulipita mwezi Machi, kwa dakika kumi na moja,
kati ya hoja ya leseni za kamba wa baharini
na chakula cha mchana.
Wiki iliyofuata ikaja kadi kutoka Fort Kent, mwandiko wa kutetemeka:
*Tanuri linanguruma. Koti nimelitundika.*
Nimeibandika juu ya faili, hapo pasipo unyevu.

Kisha Aprili, theluji ikigeuka tope kwenye viatu vyao,
ukatua mezani mswada mwingine, mnene, wenye harufu ya mashine:
*Kuunda Tume ya Kuzuia Sheria Mpya
Kurudia Kazi za Mipango Iliyopo.*
Kamishna. Naibu kamishna. Nembo, ya bundi.

Niliusoma mara mbili, nikauvua miwani kwa heshima.
Nikaandika pembeni, kwa penseli ileile:

Ipo.
Ghorofa ya chini, ukipita boila, mlango wa pili kushoto.
Inaitwa Odile Thibodeau.
Haina nembo. Inaomba balbu moja,
iliyopo iliungua Novemba,
na hiyo, waheshimiwa, hakuna aliyeirudia.