Gorogoro Nne

Jumapili, Kibuye, jua halijashika mabati,
Mama Akumu ananiita mwanangu mara tatu
na hanijui.
Chema chajiuza, husemwa;
mbona basi sauti yake inafika hadi kwa wauza vitanda?

"Pishori ya Mwea hii, soma gunia!"
Gunia nalisoma. Gunia husema lolote
liliposhonwa mdomo.
Mimi nazamisha mkono mpaka kiwiko,
maana juu ni pa kutazamwa
na chini ndiko kunakopikwa.
Naibua konzi, naifumba, naipulizia pumzi ya moto
kama anayeamsha kifaranga,
kisha nafumbua, nanusa.

Ipo. Harufu ya bisi
zinazokaangwa nyumba ya tatu.
Natafuna punje: inavunjika kwa mlio,
haigeuki unga ulimini.
Huu umekaa ghalani mwaka, hauna haraka.
Mchele mpya ni kama mapenzi ya wiki moja,
unanata, unalia maji,
asubuhi hauna umbo.

"Gorogoro nne."
Bei naiacha hapa hapa sokoni,
nisimpandishe mama presha.

Leo Apondi anaposwa.
Wageni wanatoka Yala, watu kumi na wawili,
na mmoja, tumeonywa, ni mwalimu wa upishi.

Nyalenda, saa nne. Nachambua kwenye ungo:
kokoto mbili, ganda, mdudu aliyepitiwa na usingizi.
Naosha. Maji ya kwanza chokaa,
ya pili maziwa ya dukani,
ya tano naviona vidole vyangu chini.
Naroweka. Nusu saa
nisiuguse, nisiuchungulie,
na mikono isipokuwa na kazi
ndipo baba huingia kichwani.

Miaka ishirini na sita katika matope ya Ahero,
maji magotini,
akipanda mche kwa mche, akirudi kinyumenyume,
akifukuza ndege kwa kopo na kamba.
Mchele mzima ulipanda lori.
Sisi tulipikiwa chenga, tena Krismasi,
siku nyingine ugali, na hatukuuliza.
Ukucha mmoja wa mguu wake ulibaki kule.

Mafuta. Kitunguu kisifike weusi.
Iliki tano zilizopasuliwa, kijiti cha mdalasini.
Mchele unanong'ona chini ya mwiko.
Kikombe kwa kikombe na nusu, chumvi,
na maji yakishuka, vishimo vikifunguka
kama vya sisimizi baada ya mvua,
nafunika, napunguza moto, napalia makaa.
Mwiko nampa Awuor akae nao nje.
Najijua: nikiwa nao nitakoroga.

Adhuhuri. Sebuleni wanakohoa kwa adabu.
Baba anaingia kwa mlango wa nyuma,
suti ya kuazima, viatu mkononi,
anainua kifuniko kabla sijamzuia.
Punje zimesimama,
hakuna inayoegemea nyingine.
Anachota tatu kwa vidole. Anafumba macho.

"Wamekuambia umetoka wapi?"
"Mwea."

Anacheka mpaka tai inalegea.
"Huu ni wa kwetu. Maji ya Nyando haya.
Nimeyanusa miaka ishirini na sita
nikidhani ni harufu ya matope."

Kisha, kama aliyesema mengi mno:
"Wapelekee wageni. Mimi niachie ukoko."

Nikachukua sahani ya maua, ile ya kabatini,
nikampakulia kutoka katikati, palipo peupe,
kabla ya wageni, kabla ya sala.
Mama alinitazama. Najua.
Akala amesimama, karibu na karai,
taratibu, kama anayehesabu.

Sebuleni mwalimu wa upishi
akauliza mchele huu mmeutoa wapi.
Tulimtazama baba ajibu.
Mdomo wake ulikuwa umejaa.