Hori la Temirkhan

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imeng'ang'ania mabonde,
ofisi ilinituma kwa mzee Temirkhan, magharibi ya Karaganda,
nikiwa na dereva, fomu kumi na mbili,
na muhuri nilioufunga ndani ya soksi
wino usigande.

Saa sita za nyika tupu.
Dereva akapiga miayo, akaniuliza:
"Wewe uliyesoma, hivi dola kuu ni nini hasa?"
Nikamtajia niliyoyakariri chuoni:
manowari, nyuklia, kura ya turufu,
sarafu ambayo hata adui huificha chini ya godoro.
Hakujibu. Akakanyaga mafuta.

Chuma kilikuwa nyuma ya zizi,
kirefu kuliko nyumba, kimelala ubavu
kama mnyama aliyejitenga na kundi ili azae.
Herufi zake zimeungua nusu.
Mbwa alikwisha kizoea; akainua mguu, akakikojolea.

"Kilikuja alfajiri," akasema mzee.
"Kwanza mwanga. Kisha kimya. Kisha madirisha.
Jioni redio ikatangaza
roketi imefika salama,
na watu wenye makoti meupe wakapiga makofi.
Tuliwasikia vizuri. Upepo ulikuwa unaingia ndani."

Orynkul, mkewe, akatumiminia chai ya maziwa na chumvi
kwa mkono uliofungwa kitambaa.
Nikatoa fomu.
Kondoo waliokufa? Kumi na tisa.
Farasi? Mmoja.
Malisho, hekta ngapi?
Wakatazamana. Nyasi hawajawahi kuzihesabu.
"Andika na yule farasi jike, mimba yake imetoka."
Hapakuwa na kisanduku.
"Andika mjukuu wetu. Mlango ukibishwa
anaingia uvunguni."
Hapakuwa na kisanduku.
Nikaandika pembeni, kwa penseli,
nami nilijua penseli haijawahi kushinda kesi.

Kabla hatujaondoka mzee alinishika mkono
akanipeleka zizini.
Ua wote ulikuwa wa mabati yaliyotoka mbinguni:
hili la mwaka wa harusi yake,
lile la mwaka wa ukame,
na katikati, hori refu, limenyooka, linang'aa.
"Hili ni la dola ile ya zamani," akasema,
"ile tuliyozaliwa ndani yake.
Shuleni tulisimama wima kuiimbia,
meno yakigongana kwa baridi.
Walisema haitakwisha.
Bendera ikateremshwa Jumatano moja, sijui Alhamisi,
nilikuwa nakata manyoya, sikuona.
Lakini tazama: chuma hakijashika kutu."
Kondoo wakainamisha vichwa, wakanywa.

Njiani kurudi, giza limeingia, dereva akasema ghafla,
kana kwamba asubuhi haikuwa imekatika:
"Mimi naona ni yule anayerusha kitu juu
na hana haja ya kujua kinaangukia wapi."
Nikamwambia angalie barabara.

Fidia ililipwa mwaka uliofuata: kondoo kumi na wawili.
Ya pembeni yalifutwa, na kwa usafi mkubwa;
karatasi haikuchanika.

Orynkul alikuwa amenipa mwiko
aliokatiwa na mumewe kutoka kipande kidogo.
Naukorogea uji kila siku.
Ni mwepesi mno.
Hata sufuria ikichemka kwa hasira,
mpini hauchomi mkono.