Kipepeo wa Tarehe Tisa Januari

Usiku wa Jumatano, mvua inaipiga Tregaron,
nami nimeikalia hifadhidata kama mwalimu na daftari za insha.
Rekodi mia mbili na sita zinaningoja.

Fisi-maji mmoja yuko kilomita arobaini baharini:
si mwogeleaji hodari, ni mtu aliyegeuza tarakimu.
Namrudisha mtoni kwa kubonyeza mara mbili.
Tai wa Bi Meinir, nyuma ya duka la mbolea,
ni mwewe yuleyule wa mwaka jana. Picha haidanganyi,
ingawa mwenye picha anatamani idanganye.

Kisha mstari mwekundu.
Kipepeo-tausi, mmoja, mzima, anaruka.
Tarehe tisa Januari. Mleta rekodi: Idwal Prydderch.
Mashine imeshauliza kabla yangu:
Je, hukukosea mwezi?
Nafungua miaka thelathini, na vipepeo-tausi
wamejipanga kama kilima: mwinuko Machi, kilele Agosti,
na Januari uwanda mtupu, hata nukta hamna.

Idwal namjua kwa data zake tu, uso sijapata kuuona.
Miaka kumi na tisa, kila Jumamosi, uchochoro uleule,
"upepo kidogo, mawingu nusu", na mwishoni daima:
"Waonaji: I. P. na N. P."
Mtu wa namna hii hakosei mwezi.
Lakini sikuajiriwa kumpenda mtu.

Naandika: "Bwana Prydderch, tafadhali thibitisha tarehe.
Kama ipo picha, iambatanishe. Na mahali pia:
alama yako imeangukia juu ya paa la kanisa."

Jibu linafika chai haijapoa.

"Tarehe ni sahihi. Mahali pia.
Picha sina, mikono yangu ilikuwa na kazi.
Hita ziliwashwa tangu alfajiri
kwa ajili ya watu, maana watu walikuwa wengi.
Alitoka nyuma ya ubao wa namba za nyimbo,
akaizunguka taa, akatua juu ya jeneza, upande wa kichwani,
akafunua mbawa mara tatu.
Nest angemwona kabla yangu. Siku zote
yeye ndiye aliyeona. Mimi nilikuwa karani."

Napanda tena hadi kwenye rekodi. Sikuwa nimeisoma yote.
"Mwonaji: I. P."
Umoja, si wingi. Na jicho langu lilipita.

Kuuliza si ujinga, wanasema.
Kuna siku ni ukatili.

Vipepeo hawa hulala kwenye majengo ya baridi,
joto likiwahadaa wakaamka. Vitabu vinakubali.
Katika kisanduku cha maelezo naweka maneno ya kazi:
"Ndani ya jengo. Ameamshwa na joto."
Hali: imethibitishwa.

Sasa Januari ina nukta moja.
Mwakani mwingine akileta habari kama hii,
mashine itasita kidogo kabla ya kumkatalia.

Zimebaki mia mbili na tatu.
Inayofuata ni panzi,
na simwamini.