Daftari la Vipimo

Kwenye daftari moja naandika yote:
kifua cha mtoto wa mama Kileo, inchi ishirini na sita,
sketi ya marinda, ifike magotini,
aachiwe pindo la kukulia.
Chini yake, kalamu ileile:
Jumanne. Rau hadi kwenye majaruba ya mpunga na kurudi. Kumi na mbili.
Goti la kushoto limenuna.

Ni Desemba. Moshi imejaa waliorudi nyumbani,
magari yamepangana mpaka Kiboriloni,
na Januari shule zinafunguliwa:
sare mia moja na arobaini
bado ni vitambaa, vimekunjwa, vinanitazama.
Mbio ni Februari. Kilomita sabini.
Kiingilio nimelipa kwa pesa ya mchezo, zamu yangu ilipofika.
Aminieli, mume wangu, anajua nusu ya bei.

Saa kumi na nusu alfajiri natoka,
ufunguo wa mlango umefungwa kwenye kamba ya kiatu.
Mbwa wa Shanty Town tulishapatana.
Lemburis, mlinzi wa ghorofa la bluu,
hunimulika tochi mara moja, kama mtu anayegonga muhuri.
Mlima siutazami.
Ukiutazama unadhani kuna mahali unakwenda.

Kisha mchana kutwa mguu uleule kwenye pedali.
Sindano inakimbia, mimi nimekaa.
Siku moja nilianza kuzigeuza pedali kuwa kilomita,
nikaiacha hesabu njiani. Si vizuri kujua
umefika wapi
na kiti hakijasogea.

Karatasi ya mazoezi nimeibandika kando ya kioo cha wateja.
Jumapili, inasema, pumzika.
Aliyeiandika hana mawifi.
Jumamosi, inasema, thelathini na sita.

Alhamisi simu ikalia: baba mdogo Ndekirwa, kule Kibosho.
Kuzika ni Jumamosi.

Nikaviringisha kitenge ndani ya begi la mgongoni,
kitambaa cheusi cha kichwa,
rambirambi kwenye mfuko wa nailoni
pamoja na chumvi yangu na ndizi mbili mbivu,
nikapanda kwa njia ndefu, gizani, kwenye tope jekundu,
nikilia kwenye miteremko tu,
maana kwenye kupanda pumzi haigawanyiki.

Kihambani nilibadilisha nguo nyuma ya migomba.
Wanawake walikuwa wanamenya ndizi tangu usiku.
Shangazi Ndeshukuru akashusha macho hadi pindo la kitenge,
akavuka pindo, akafika kwenye viatu.
"Umekuja na gari gani?"
"Na hivi."
Hakucheka. Akanisukumia ndoo:
"Basi ikachote maji, hiyo miguu."
Mfongoni mara nne.
Mara ya tano nilikwenda bila kutumwa.

Jioni wakanipakia kwenye pikapu ya binamu Melkiori,
juu ya masufuria, miguu ikining'inia,
na kila kilomita tuliyoshuka
niliihesabu kama mtu anayeona fedha yake ikitumiwa na mwingine.
Sikubisha. Usiku nikaandika:
Jumamosi. Kumi na tisa, kupanda.
Maji, ndoo tano.
Baba mdogo tumemlaza.
Mahali pa jumla nikapaacha wazi.

Usingizi ulinikuta juu ya cherehani, kola mkononi.
Asubuhi daftari lilikuwa limefunuliwa, futi imelala juu yake,
na mwandiko wa Elinaja, wa darasa la tatu,
umeinama kama unapanda kilima:
Mama. Shavu la mguu, inchi kumi na nne na nusu.
Aachiwe pindo.

Ilikuwa Jumapili. Kengele ya ibada ya kwanza ilishalia.
Viatu vilikuwa mlangoni na tope la Kibosho.
Sikuvifuta.