Daftari la Matukio

Saa kumi na mbili kamili asubuhi. Hali shwari.
Makufuli manne, yote yamefungwa.
Paka mmoja, si wa kampuni.
Mwenzangu hajafika.

Saa kumi na mbili na nusu. Hali shwari,
isipokuwa barabara.
Sijawahi kuisikia barabara ya Unga Limited ikinyamaza hivi,
kama mtu aliyekumbushwa deni mbele ya wakwe.
Hakuna honi. Hakuna konda anayepiga bati la mlango.
Vifodi vimegoma.

Saa moja kasoro robo. Ndeshi wa uji amepita,
chupa kubwa kichwani, chapati kikapuni.
Ametoka Kwa Mrombo kwa miguu, giza bado halijaamka.
Nimemuuliza sababu ya mgomo.
Wengine wanasema ni faini,
wengine ni bajaji kuingia njia za watu,
wengine ni stendi kuhamishiwa sijui wapi.
"Mimi najua uji tu," akasema, "na leo umepoa."
Nimenunua vikombe viwili. Hili nalo ni tukio.

Saa moja na robo. Watu wameingia relini.
Treni haiji leo, si siku yake,
nao wameona njia iliyonyooka, haina mwenyewe.
Wanaruka taruma kwa taruma:
muuguzi, viatu vyeupe ndani ya mfuko wa nailoni;
fundi na msumeno uliovikwa gazeti;
watoto wa darasa la saba waliochelewa mtihani wa majaribio,
wanakariri njia nzima, mzingo wa duara, mzingo wa duara.
Reli imepata abiria, imekosa gari.

Saa mbili. Nimempigia Lomayani. Hapatikani.
Bodaboda mmoja amesimama langoni, anatafuta wa kumbeba.
Jana Kisongo ilikuwa elfu tatu. Leo elfu kumi,
na anaitaja bei akitazama pembeni.
Kufa kufaana,
walisema hao ambao hawajafa.

Saa tatu na dakika kumi. Msimamizi amepiga simu.
Gari lake lina mafuta, na sauti yake pia.
Amesema: "Lindo halina mgomo."
Nimesema: "Ndiyo, bosi."
Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo, ili yalindwe.

Saa nne. Usingizi umefika langoni.
Nimeuomba kitambulisho. Hauna.
Umekaa nje, unasubiri.

Saa nne na nusu. Bado umekaa.

Saa tano na nusu. Lomayani amefika,
raba mkononi, vumbi hadi magotini.
Hakunisalimia kwanza; aliinamia bomba
akanywa kama anayelipwa kwa lita.
Halafu akasema: "Nisamehe, mzee."
Kisongo mpaka hapa kwa nyayo zake mwenyewe,
na bado ndiye anayeomba msamaha.
Nimemwonyesha mahali pa kusaini.
Ameandika saa kumi na mbili. Sikuona.

Saa sita kasoro. Hesabu, ukurasa wa nyuma, isikaguliwe:
Kwangu ni Tengeru.
Nikiondoka sasa kwa mwendo wa goti hili, nafika saa tisa.
Lindo langu linaanza saa kumi na mbili jioni.
Maana yake nitagusa mlango,
nimwambie mke wangu "nipo,"
kisha nigeuke.
Lomayani ameshatandika maboksi nyuma ya magunia ya mbegu.
Hajasema kitu. Amekwenda kukagua kufuli
alilolikagua sasa hivi.

Saa sita kamili mchana. Mlinzi wa usiku ametoka.
Ndivyo daftari linavyosema.
Makufuli manne, yote yamefungwa.
Magunia mia mbili na kumi, yamelala kwa mpangilio,
na moja linalokoroma.
Paka amerudi.