Farasi Hamsini

Umekuja nayo umeiviringisha kanga
kama mtoto aliyelala,
chupa ya buluu, kilo tano kasoro,
ukaiweka kati ya spana zangu na chai.
"Dada Mbeyu, nifungie leo.
Ijumaa usiku nashindana na mtu wa Watamu,
barabara ya Sala, kuanzia Ganda."

Kaa, Famau. Sogeza hiyo betri ukae.

Gesi hii tunajuana. Tulikutana hospitali
mwaka ule niliong'olewa gego:
daktari alinifunika pua, nikavuta,
nikacheka, mataya wazi,
nikacheka huku koleo likifanya kazi yake.
Kicheko kilipoisha, jino lilikuwa kwenye sahani.

Haiwaki yenyewe, usidanganywe.
Ni hewa iliyobanwa.
Ikionja joto la injini hukatika, ikamwaga oksijeni,
na moto uliozoea kula kwa kijiko
ukaletewa sinia.

Sikufichi: ni tamu.
Niliifunga kwenye Subaru ya Mtaliano mmoja wa Casuarina.
Inaingia na baridi yake, bomba linatoka jasho,
na injini, kama sisi sote mwezi wa Machi,
hupenda baridi.
Ukibonyeza, kiti kinakusukuma mgongo
kama mama anayemtoa mtoto jikoni.
Ukiachia, gari linarudi kuwa gari
la kumpeleka shangazi sokoni.
Na bei yake si ya tabo.
Farasi hamsini wanatoka kwenye chupa,
wanakimbia sekunde kumi,
wanarudi kulala.

Sasa geuka, tazama ukutani.
Ile pistoni niliyoitundika kwa waya
ina tundu, kidole gumba kinapita.
Wateja hudhani ni pambo.
Ilikuwa ya Jefwa.
Gesi iliwahi, petroli ikachelewa.
Chujio lilikuwa na mchanga,
mchanga wa kujaza kisoda, basi,
na moto ulioletewa sinia bila chakula
hula sinia.
Jefwa yu hai. Anasukuma mkokoteni wa maji Maweni.
Muulize. Atakueleza, au atatazama pembeni.

Na chupa yenyewe, Famau!
Iache garini saa saba, nje ya benki, vioo juu,
uone sindano ya geji inavyopanda.
Kuna kizibo kidogo hapa shingoni,
hupasuka chenyewe ili chupa isipasuke.
Hicho usikipake gundi,
nawajua nyinyi, kila kinachovuja mnakipaka gundi.
Wala msiivute kwa mzaha barazani.
Ya magari imetiwa salfa makusudi,
na kicheko chake hakina daktari.

Nguo ya kuazima haisitiri matako.
Nguvu ya kuazima je?
Kutoka Ganda hadi Kakoneni
kuna mbuzi waliolala lamini ikiwa bado na joto,
kuna baiskeli zenye magunia ya makaa,
hazina taa, hazina kengele,
zina mtu tu anayekwenda kwake.
Breki zako nilizipima Jumanne.
Breki zako hazijaazima kitu.

Ndiyo, naona unaitazama mikono yangu.
Imeshashika spana. Mikono haina adabu,
inakumbuka ile Subaru.

Haya. Niletee pampu mpya ya petroli,
plagi za baridi, chujio lenye risiti.
Hamsini, si mia.
Na ukitaka kukimbia, tafuta uwanja wenye ukuta
na mtu wa kuzima moto; Sala sikufungii.
Mpaka hapo chupa inabaki nami,
chini ya meza, kivulini.

Kanga mrudishie mama yako.
Amenipigia simu asubuhi, mara mbili.
Hakuulizia kanga.