Mikroni Nne

Karakana ya Kisauni, ukuta kwa ukuta na uwanja wa ndege.
Vuai anakereza, mie napima.
Bushi arubaini za chuma cha pua,
za kushika bawaba ya mlango wa mizigo
wa ndege nisiyoijua, itakayobeba watu nisiowajua.

Ya thelathini na moja imekataa.
Mikroni nne.
Chukua unywele mmoja wa mwanangu,
upasue nyuzi kumi na tano:
uzi mmoja ndio huo.

"Mize, nani ataziona?"
Vuai anajifuta grisi.
Sijamjibu, umeme ukakatika.
Chumba kikapanda joto,
na chuma nacho husikia joto, huvimba kama sie.
Nisiidhulumu.
Nikangoja jenereta, nikangoja digrii ishirini,
saa nzima, mtandio mabegani kwa baridi ya kiyoyozi,
nikapima tena.

Mikroni nne.

Babu alikuwa mpimaji wa karafuu, Wete.
Akitia kiganja guniani akijua maji yalipojificha.
Hata shemegi yake alimrudisha ujamvini, akaanike upya.
Walimwita roho ngumu.
Hakuna aliyemwita mwongo.

Rangi nyekundu, kisha msumeno, vipande viwili,
isije ikajirudia sandukuni usiku.
Vuai amenuna. Ilikuwa kazi yake ya asubuhi nzima.
Juu ya bati ndege inanguruma, inashuka,
chai inatetemeka glasini.
Hatuinui macho.

"Kereza nyengine," namwambia.
Kumbe mashine keshaiwasha.